Wimbo wa Sinema Ukivuka Maji

Makupa hadi Changamwe

Mtu akitoka kisiwani Mombasa kwenda bara, upande wowote atakaoushika, hana budi kuvuka maji. Magharibi kuna Makupa, kusini kuna feri ya Likoni, kaskazini kuna daraja la Nyali. Safari hii ya siku tatu niliipanga kwa kufuata vivuko hivyo, kwa sababu kitu nilichokuwa nikikifuata nacho kilivuka papo hapo: wimbo wa sinema. Majumba ya zamani ya filamu za Kihindi, Regal, Naaz na Lotus, yalikuwa kisiwani. Watu wa ng'ambo walikuja kutazama, kisha wakarudi makwao usiku bila kitu mkononi ila sauti iliyowakaa kichwani. Maneno hawakurudi nayo, kwani wengi hawakuijua lugha. Walirudi na mahadhi. Baadaye mahadhi yale yalisikika tena kwenye harusi, yamevishwa maneno ya Kiswahili, na muziki huo ukapata jina lake: taarab ya Kihindi.

Wengi wanaijua bara ya Mombasa kwa foleni ya feri na vumbi la malori tu. Nataka kuionyesha kwa jambo jingine, na nina hoja moja ya kuionyesha nayo. Wapo wanaosema kwamba kuupenda wimbo wa lugha usiyoifahamu, tena uliokutana nao ndani ya filamu ya watu wengine, ni mapenzi ya juu juu. Husemwa juu ya kijana anayekutana na sauti ya mwimbaji Mfaransa Edith Piaf ndani ya filamu ya Marekani ya Inception, ya mwaka 2010, akaanza kuusaka wimbo uliorekodiwa nusu karne kabla yake. Husemwa vilevile juu ya babu wa Mtongwe aliyeimba wimbo wa Lata Mangeshkar, mwimbaji wa filamu za Kihindi, bila kujua tafsiri ya neno hata moja. Mimi nashika kinyume cha hayo. Nadhani mapenzi ya namna hii yanakwenda ndani sana, na pwani yetu ndiyo shahidi mzuri, kwa sababu ushairi wa Kiswahili umewazoesha watu wake tangu kale kusikiliza mahadhi peke yake na maneno peke yake, kisha kuviunganisha kwa kipimo.

Nilianza Makupa. Kwa miaka mingi hapa palikuwa na tuta la mawe na udongo lililoziba mkondo wa maji. Tangu mwaka 2022 pana daraja, na maji yanapita tena chini yake yakijaa na kupwa. Maji yakipwa, matope ya kijivu hung'aa hadi kwenye mikoko na harufu ya chumvi iliyooza kidogo hupanda mpaka barabarani. Ng'ambo yake ni Changamwe. Mpita njia anaona makontena, matangi ya mafuta na barabara ya uwanja wa ndege, lakini jina lenyewe ni la watu: Wachangamwe, ambao pamoja na Wakilindini na Watangana ndio Thelatha Taifa, na wakijumlishwa na Tisa Taifa hufanya ile Miji Kumi na Miwili ya Waswahili wa Mombasa. Ukiendelea mbele kidogo upo Jomvu Kuu, mji wa Waswahili ukingoni mwa hori, na baada yake Miritini, inakoishia reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017.

Reli ya kwanza ndiyo inayotajwa kila mazungumzo ya Wahindi na pwani yanapoanza. Ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896, na vibarua karibu 32,000 waliletwa kutoka India. Ni rahisi kusema kwamba hao ndio waliotuletea muziki wao. Siikubali rai hiyo. Wengi wao walirudi kwao mikataba ilipokwisha, na taarab ya Kihindi haikujengwa juu ya nyimbo za vibarua wa Punjab. Ilijengwa juu ya nyimbo za filamu za Bombay, zilizotungwa miaka hamsini na zaidi baada ya reli kufika ziwani. Jirani Mhindi tulikuwa naye muda mrefu, tukinunua nguo dukani kwake na kumlipa, bila kuchukua wimbo wake. Jumba la giza lenye pazia jeupe ndilo lililoufanya wimbo huo upendwe. Ujirani peke yake haukutosha, na hili nitalirudia mbele.

Kabla ya kuiacha Changamwe, kitazameni chombo chenyewe kilichobeba nyimbo hizo, kile kinanda cha sanduku kiitwacho hamonia. Mpigaji huketi chini. Mkono wa kushoto husukuma na kuachia mvukuto wa nyuma, na mkono wa kulia hutembea juu ya vibonyezo. Sauti hutoka kwenye vibamba vyembamba vya shaba vinavyotetemeka upepo ukipita, ndiyo maana ina mkwaruzo mdogo mwanzoni mwa kila noti, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema. Watu hukiona kuwa cha Kihindi kabisa. Kilibuniwa Paris na Alexandre Debain mwanzoni mwa miaka ya 1840, kikiwa na miguu na kanyagio. Wamisionari wakakipeleka India, na huko Kalkata fundi Dwarkanath Ghose akakikata miguu na kukiwekea mvukuto wa mkono ili kimfae anayeketi sakafuni. India nayo haikukikubali bila ugomvi: redio ya taifa ilikipiga marufuku kuanzia mwaka 1940 hadi 1971, ikidai kwamba ni mgeni asiyeweza kuzitoa sauti za raga. Wanaosema kwamba mwimbaji wa Mombasa alipoteza asili kwa kushika kinanda cha Wahindi wangeambiwa na Wahindi wenyewe kwamba kinanda hicho si chao. Mfaransa alikianzisha, Mbengali akakibadilisha, na Mmvita, mtu wa Mombasa, akakitia Kiswahili.

Likoni

Siku ya pili ilikuwa ya Likoni. Feri ilianza kuvusha watu hapa mwaka 1937, na anayekwenda kwa miguu halipi nauli. Lango la chuma likiteremshwa umati hushuka kwa kishindo kimoja: mabuibui, magwanda ya kazi, sare za shule, mikokoteni ya magunia, mchuuzi amebeba trei ya korosho juu ya vichwa vya watu. Meli kubwa ikiingia Kilindini, feri husubiri, na ubavu wa meli hupita karibu hata ukaificha ng'ambo yote. Magharibi kidogo ni Mtongwe, na jina hilo haliwezi kutajwa bila kukumbuka tarehe 29 Aprili 1994, feri ilipopinduka na watu 272 wakafa. Wenye umri wa kukumbuka hupunguza sauti wanapopataja.

Hapa Likoni, kati ya kivuko na soko, ndipo nilipoona panafaa kukabiliana na pingamizi kubwa zaidi: mtu atapendaje wimbo asioujua maana? Jibu la kwanza limo ndani ya sinema yenyewe. Katika filamu ya Awaara ya mwaka 1951, Raj Kapoor anafumbua kinywa na sauti inayotoka ni ya Mukesh. Maneno ni ya Shailendra, muziki ni wa Shankar na Jaikishan. Wimbo mmoja, na tayari uso ni wa huyu, koo ni la yule, maneno ya wa tatu na mahadhi ya wawili wengine. Hata mtazamaji wa Bombay aliyeifahamu lugha alisikiliza kitu kilichokatwakatwa na kushonwa upya. Isitoshe, sinema haimwachi mtu bila maana. Mvua inanyesha, msichana ameegemea nguzo, barua imeshikwa vibaya mkononi. Mtazamaji ameipata maana kabla ya neno. Alichokosa ni maneno, na maneno ni kitu ambacho yeye mwenyewe anaweza kukitia.

Jibu la pili ni la kwetu. Shairi la Muyaka bin Haji, mshairi wa Mvita aliyefariki mnamo mwaka 1840, lina mishororo minne, na kila mshororo una mizani 16, nane kwa nane, vina katikati na vina mwishoni. Kwa desturi ya pwani shairi ni la kuimbwa, na lile lile huweza kuimbwa kwa mahadhi haya leo na mengine kesho, maadamu nane imekutana na nane. Maana yake ni kwamba msikilizaji wa Kiswahili hafungi ndoa ya maneno na sauti milele. Anajua vinaachana na kuoana upya. Mtu aliyelelewa katika desturi hiyo akisikia wimbo wa kigeni ndani ya filamu, hausikii kama ujumbe uliofungwa asiopewa ufunguo. Anausikia kama chombo, na sikio lake linaanza kukipima: kinachukua mizani ngapi, kinapumua wapi, kina kitaangukia wapi.

Na upimaji huo si mchezo. Wimbo wa filamu ya Kihindi hautii nane kwa nane. Una sehemu ya kwanza inayorudiwa, kisha sehemu ndefu inayopanda, kisha unarudi pale pale. Mtunzi wetu hana budi kuvunja mishororo, kufupisha vipande, kuacha silabi moja ivutwe juu ya noti tatu na nyingine ipite kama cheche. Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014 na ambaye watu walimwita Profesa, ndiye aliyeufikisha ufundi huu kileleni. Baadhi ya mashairi aliyoyaimba yalitungwa na Ahmad Nassir Juma Bhalo, wa ukoo wake, ambaye diwani yake Malenga wa Mvita ilichapishwa mwaka 1971. Fikirieni hilo: mshairi anayehesabika miongoni mwa wakubwa wa karne yake hakuona aibu maneno yake kupandishwa juu ya mahadhi ya sinema. Na maneno hayo hayakuwa tafsiri. Wimbo uliotoka Bombay ukiwa kilio cha mpenzi uliweza kuwa wosia huku, au fumbo linalomlenga mtu aliyeketi mstari wa tatu na anayejua kwamba ndiye. Koo la Juma Bhalo lilijifunza mitetemo ya waimbaji wa India, lakini fumbo lilikuwa la Mvita tupu, na aliyetunzwa pesa harusini alitunzwa kwa fumbo.

Jioni Likoni hunuka mafuta ya kukaangia. Viazi karai ndivyo nilivyovitazama kwa makini zaidi. Viazi huchemshwa, humenywa, hukatwa vipande, kisha huchovywa katika rojo la unga wa dengu lililotiwa manjano, na kuachiwa taratibu kwenye mafuta yanayochemka. Rojo linavimba na kuwa gamba la rangi ya chungwa; kiazi ndani kinabaki cheupe na laini. Huliwa na ukwaju wenye pilipili, kwenye kipande cha gazeti. Karai ni neno la Kihindi, unga wa dengu ni wa Kihindi, kiazi kilitoka Amerika, na hakuna mtu Likoni anayekula chakula cha kigeni. Sitaki kuubebesha mfano huu mzigo kupita kiasi, kwa sababu chakula huingia mwilini bila kuombwa kufikiri. Wimbo unadai zaidi. Lakini wanaouona wimbo kuwa mateka wa utamaduni wa wengine hawaulizi swali hilo hilo juu ya kilichomo mkononi mwao saa kumi na mbili jioni.

Pingamizi jingine lina uzito, na nalichukua kwa heshima. Likoni ni ya Wadigo pia, na Wadigo wana ngoma yao ya sengenya. Je, nyimbo za sinema hazikuzifunika ngoma za wenyeji? Nakubali kwamba harusi ina usiku mchache, na usiku uliopewa hamonia haukupewa ngoma. Hata hivyo tusikilize muziki wenyewe badala ya kuukadiria kwa mbali. Zuhura Swaleh na Maulidi Juma, nyota wawili wa taarab ya Mombasa, waliweka chini ya nyimbo zao mdundo wa chakacha, ngoma ya wanawake wa pwani. Juu ya mdundo huo Zuhura alikuwa na tashkota, chombo cha nyuzi chenye vibonyezo kama vya taipureta, kilichobuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912 na kupitia India kabla ya kufika kwetu. Mahadhi yalikuja kwa sinema na nyuzi zikaja kwa meli, lakini nyonga za wanawake ziliendelea kumtii mpiga ngoma. Utamaduni unaofunikwa hauwezi kufanya hivyo. Unaofanya hivyo ndio unaoshika usukani.

Kengeleni

Siku ya tatu nilivuka kaskazini. Daraja la kwanza la Nyali, lile lililoelea juu ya maboya tangu mwaka 1931, liliondolewa baada ya daraja la zege kufunguliwa mwaka 1980. Ukilivuka hilo la zege unaingia Kongowea, jina ambalo mapokeo yanalihusisha na Mwana Mkisi, malkia wa kale, na ambalo leo ni soko kubwa la vyakula: marundo ya maembe, nazi zilizorundikwa hadi kiunoni, na mahamri na mbaazi za nazi kwa wachukuzi walioamka saa tisa usiku. Karibu na hapo imening'inia kengele ambayo ndiyo asili ya jina la mahali hapo, Kengeleni.

Kengele ni ya Frere Town, makazi ya watu waliokombolewa kutoka utumwani, yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kiingereza mwaka 1875. Miongoni mwa walowezi wa mwanzo walikuwamo wale walioitwa Waafrika wa Bombay. Hao walitiwa utumwani wakiwa watoto, wakatolewa majahazini na manowari za Waingereza, wakapelekwa India, wakalelewa na kusomeshwa Nasik karibu na Bombay, kisha wakarudishwa pwani hii. William Jones na Ishmael Semler walikuwa miongoni mwao. Walikuja na majina ya Kizungu, ufundi wa useremala na uhunzi, na lugha za India vinywani mwao. Kwa hiyo miaka zaidi ya sabini kabla ya Raj Kapoor kufumbua kinywa chake kwenye pazia, hapa Kisauni, ng'ambo hii ya Nyali, palikuwa na Waafrika weusi walioelewa Kihindustani. Walioyasikia maneno ya India kwa maana zake wote hawakutuachia taarab ya Kihindi. Walituachia kanisa, shule na kengele. Wasioelewa ndio waliotuachia nyimbo. Hapa ndipo ile hoja ya Changamwe inapokamilika: kujua lugha na kuishi pamoja havikutosha kuzaa mapenzi hayo, na kutojua hakukuyazuia. Kilichohitajika ni mahadhi yenye nguvu, picha ya kuyafungulia moyo, na mtu mwenye kipimo cha kuyajibu.

Linabaki shitaka la wizi. Mtunzi wa Bombay alitoa jasho, mwimbaji wa Mombasa akachukua. Katika shitaka hili nasimama na washitaki nusu ya njia. Jina la mtunzi wa mahadhi lilistahili kuandikwa kwenye kila sahani ya santuri na kila kanda, na kutoandikwa ni deni lisilolipwa. Lakini kukosa kutaja ni kosa la haki, wala si ushahidi kwamba kilichotengenezwa hakina thamani. Mwaka 1946, katika filamu ya Marcel Carné iitwayo Les Portes de la nuit, Wafaransa walisikia wimbo uliotungwa na Joseph Kosma, Myahudi kutoka Budapest, kwa maneno ya Jacques Prévert: Les feuilles mortes, yaani majani makavu. Kosma aliyatoa mahadhi hayo kwenye muziki aliouandikia dansi ya jukwaani mwaka mmoja nyuma. Kisha Johnny Mercer wa Marekani akayapa maneno ya Kiingereza, na wapiga jazi wakayapiga bila maneno kabisa. Mwaka 1967 Claude François aliimba kwa Kifaransa juu ya wapenzi wawili waliochokana. Paul Anka akayachukua mahadhi, akayatupa maneno yote, na Frank Sinatra akayaimba kama tamko la mzee anayejivunia maisha yake. Dunia nzima inauita wimbo huo My Way na wengi hawajui kwamba una mama Mfaransa. Hakuna mhakiki anayesema Sinatra alikosa asili. Na Bombay yenyewe? Katika filamu ya Chhaya ya mwaka 1961, Salil Chowdhury aliweka kwenye midomo ya wapenzi wawili mahadhi aliyoyatoa kwenye simfoni ya 40 ya Mozart. Huenda kuna mtu wa Kisauni aliyemwimba Mozart kwa Kiswahili bila kulisikia jina lake.

Si wote Mombasa waliokubaliana na njia hii. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefariki mwaka 2016, alishika udi, akatafuta mahadhi ya Kiamu na ya Kiarabu, na akaimba mashairi ya Ahmed Sheikh Nabhany, mshairi aliyekuwa mlinzi wa maneno ya kale na mtungaji wa maneno mapya. Muziki wake ni wa mtu anayechimba kisima uani kwake, na maji yake ni baridi. Simpunguzii hata chembe. Lakini udi nao ni mgeni wa Uarabuni aliyekaa sana, na kilichoufanya uwe wa Lamu ni shairi lililoimbwa juu yake. Zein na Juma Bhalo walitofautiana katika mahali pa kuteka. Katika kupima, wote wawili walikuwa wanafunzi wa Muyaka.

Barabara ya Malindi

Upande huu wa bara kuna mahali ambapo watu hupaita VOK mpaka leo, ingawa redio ya Voice of Kenya, yaani Sauti ya Kenya, iliachana na jina hilo mwaka 1989. Makondakta wa matatu hulitangaza kama jina la mtaa mwingine wowote. Nalipenda jina hilo kwa sababu linakumbusha nani aliyeufuata wimbo nje ya jumba la sinema. Katika miaka ya 1950 Mombasa ilikuwa na redio yake, Sauti ya Mvita, na wimbo uliosikika mara moja gizani uliweza kusikika tena mchana jikoni. Serikali ya India wakati huo ilidhani nyimbo za filamu zinaharibu masikio ya wananchi, na mwaka 1952 redio yake ikazibana. Wasikilizaji wakageuza masikio wakaikuta Redio Ceylon, iliyozipiga bila hofu. Hata huko zilikotungwa, nyimbo hizi ziliitwa chotara zisizo na adabu, na wapenzi wake waliambiwa hawajui muziki. Leo runinga, neno ambalo Nabhany ndiye anayesifiwa kulitunga, na simu ya mkononi zimefanya kila wimbo wa zamani upatikane kwa dakika moja. Aliyeusikia wimbo sinemani zamani alilazimika kuubeba mwenyewe, akiimba feri nzima ili usimtoroke, na anayeubeba wimbo hivyo huubadilisha bila kukusudia. Nusu ya utunzi ilifanyika njiani.

Kutoka hapo barabara inakwenda Bombolulu, Kiembeni na Bamburi, penye kiwanda cha saruji kilichoanza mwaka 1954 na mashimo yake ya mawe yaliyogeuzwa msitu. Ni sehemu ya mchanga na matumbawe, madafu kando ya barabara, na miti ya mikungu, ile inayozaa kungu ambazo watoto huzipasua kwa jiwe wapate kokwa. Nilikuwa nimefika hapa na wimbo wa Kosma kichwani, na pingamizi la mwisho likiwa limeshikamana nao: wimbo wa majani yanayopukutika ni wa nchi zenye majira ya baridi, na pwani, ambako minazi ni mibichi mwaka mzima, hautapata pa kutua. Anayesema hivyo hajautazama mkungu. Majani yake ni mapana kama kiganja kilichofunguliwa, na kabla ya kuanguka hugeuka rangi, kwanza manjano kandokando, kisha mekundu ya damu ya mzee, yenye mishipa inayoonekana. Huanguka moja moja, kwa sauti kavu, juu ya mabati. Wanawake huyafagia asubuhi kwa ufagio wa chelewa, na adhuhuri uwanja umejaa tena.

Mahadhi yenyewe ya Kosma yanakwenda kwa vifungu vifupi: sauti tatu zinazopanda, ya nne inatulia na kuvutwa, tena tatu, tena inatulia, kila mara chini kidogo ya pale ilipotulia kwanza. Kifaransa, kikiimbwa, mara nyingi huzitamka hata zile irabu za mwisho ambazo kikisemwa huzimeza, kwa hiyo silabi zake hufunguka karibu kama za Kiswahili. Nne, na nne. Hicho ni kipande kimoja kizima cha mizani nane, na ile sauti inayovutwa mwishoni imeachia nafasi ya kina.